Usiuze kompyuta yako kwa bei ya kutupa, badilisha hadi diski (hard disk) kwanza

Wiki iliyopita kuna dada mmoja wa Morogoro, mwalimu, kanitumia meseji ndefu sana WhatsApp. Ana desktopu yake ya mtumba nyumbani anayochapia mitihani na kuwekea hesabu za kikoba chao, anasema akiiwasha asubuhi anaenda kuoga, anarudi anakuta bado inazungusha vile vidoti vya Windows. Kaipeleka kwa fundi, fundi hata hajaifungua, akamwambia dada hii mashine imechoka, niachie kwa laki moja, ongeza laki tano nikupe nyingine. Akaniuliza, kaka, ni kweli imechoka?

Nikamwambia usiuze kitu. Iwashe, iache itulie, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja itakuja Task Manager, alafu nipigie picha ya hiyo skrini. Picha ilipofika nilijua kila kitu kabla sijaikuza. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa inatumika asilimia 6. RAM, ile memori ya muda ya kazi zilizofunguliwa, nusu haijafika. Ila pale kwenye Disk imeandikwa asilimia 100, na hapo hajafungua programu yoyote, kaiwasha tu na kuiangalia. Hiyo mashine haijachoka, inaisubiri hadi diski, yaani ile diski ya ndani inayotunza Windows na faili zako zote.

Nikaanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu, na najua mko wengi wenye kompyuta za namna hiyo majumbani, mnataka kufanya kazi zenu na kuingiza chochote na hela ya mashine mpya haipo. Kwa hiyo nimeandika hapa namna ya kutoa hadi diski na kuweka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, ili tusome wote.

Mimi hili jambo linaniuma, niseme ukweli. Wanaonifuatilia muda mrefu mnajua natengeneza kadi za harusi na send-off, mabango ya mahafali, kipaimara na vitu kama hivo, nafanyia kazi nyumbani kwangu Tabata kwenye chumba cha mbele. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, Core i5 ya kizazi cha tatu, niliinunua mtumba Kariakoo ikiwa na hadi diski ya GB 500. Mwanzoni ilikuwa inakwenda vizuri tu. Ila maapdeti ya Windows 10 yakawa yanaongezeka na kazi zangu nazo zikawa nzito, ikaanza kuganda. Unabonyeza folda, unasubiri. Unafungua CorelDRAW, ile programu ninayochorea kadi, unasubiri. Unasevu kazi ya mteja inakuandikia Not Responding, unakaa mikono mapajani unaomba Mungu umeme usikatike.

Sasa kuna siku katibu wa kamati moja ya harusi alikuja na wenzake wawili, walitaka turekebishe jina la baba mzazi wa bwana harusi kwenye kadi, tulikuwa tumekosea herufi moja walivyonitumia wao wenyewe. Kazi ya dakika mbili. Umeme ulikuwa umerudi muda huohuo kwa hiyo mashine ndo kwanza naiwasha. Wakakaa kwenye kochi, mke wangu akawaletea soda, wote tukawa tunaangalia skrini. Ikachelewa, ikachelewa, CorelDRAW ikafunguka, nikafungua faili, ikaganda. Yule katibu akasimama akasema mbele ya mke wangu na watoto, "Kaka, hii kazi inataka mtu mwenye vifaa," wakatoka. Soda moja ilibaki mezani haijafunguliwa. Kazi wakaipeleka kwingine na advansi nikawarudishia yote, ingawa muundo wa kadi walikuwa wameshausifia na kuupitisha kikaoni.

Ile sentensi mpaka leo naisikia. Nilikuwa najua kazi, nilikuwa nakesha, bei yangu ilikuwa nzuri, nikanyang'anywa mkate na kipande cha chuma kilichokuwa kinazunguka ndani ya boksi.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja mtaani, jina lake naliacha. Akaniuzia RAM ya GB 4 tukafika GB 8, akapiga fomati, akaweka Windows upya, akachukua hela yake. Siku za mwanzo ikachangamka kidogo, alafu ikarudi palepale. Nikarudi kwake akaniambia prosesa imechoka, nitafute mashine nyingine. Jamani, prosesa haichoki. Inaweza kupata joto kwa sababu ya vumbi na ile pesti yake ya kupitisha joto kukauka, ikipata joto inapunguza kasi, ukisafisha feni na kupaka pesti mpya inarudi kwenye kasi yake. Ila eti imezeeka kwa hiyo inafanya kazi taratibu, hiyo hakuna, na fundi anayemwambia mteja hivo bila hata kufungua Task Manager anamkosea heshima.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu anayesoma chuo Mbeya. Alikuja likizo na laptopu yake, ThinkPad T420, mashine ya mwaka 2011, prosesa ya kizazi cha pili, yaani nyuma ya yangu. Tukawasha pamoja asubuhi moja, yeye mezani mimi kwenye desktopu. Yangu inazungusha vidoti, yeye ameshafungua Word anaandika barua ya kuomba fildi. Nikamuuliza umeifanya nini hiyo laptopu? Akasema, "Kaka, nilitoa hadi diski nikaweka SSD." Basi, hakuongeza neno, akaendelea na barua yake.

Kuanzia hapo nikawa nasoma usiku kucha, na nataka na wewe uelewe maana ukielewa hakuna atakayekudanganya tena dukani.

Hadi diski ni teknolojia ya zamani sana, IBM walitoa ya kwanza mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito kama tani moja. Zimepungua ukubwa ila namna zinavyofanya kazi ni ileile, kuna sahani ndani zinazunguka na kuna mkono mwembamba unaenda na kurudi juu yake kutafuta data. Kwenye desktopu sahani inazunguka mara 7200 kwa dakika, kwenye laptopu nyingi mara 5400. Inasikika nyingi, ila piga hesabu: mzunguko mmoja wa ile ya 7200 unachukua milisekunde 8 na kidogo, kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko, kwa hiyo unasubiri milisekunde 4, na bado hujahesabu muda wa ule mkono kusogea mpaka kwenye mstari wake, nao unachukua mara mbili ya hapo. Jumla ni kama milisekunde 12 kwa kitu kimoja. Ndo maana hadi diski nzima nzima, isiyo na ugonjwa wowote, ikiombwa vitu vidogovidogo vilivyotawanyika inaweza kujibu maombi kama 80 hivi au 100 kwa sekunde. Na Windows inapowaka inaomba maelfu.

Ni muuza duka aliyepanga bidhaa zote ghorofani, kila mteja akiomba kiberiti anapanda ngazi, akiomba chumvi anapanda tena. Hata umpe kaunta kubwa, hiyo ndo RAM, bado anapanda ngazi.

SSD haina sahani wala mkono. Data inakaa kwenye chipu za fleshi, zile za aina ya NAND alizozibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Hakuna kinachosogea, kwa hiyo kitu kimoja kinapatikana kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, na maombi kwa sekunde yanakuwa maelfu kwa maelfu. Watu wengi wanaangalia ule mwendo wa kukopi faili kubwa, hadi diski inakupa MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD ya SATA, yaani inayotumia njia ileile ya hadi diski kuunganishwa, inafika 500 na kitu, wanasema aa kumbe ni mara nne tu. Siyo hapo. Utamu uko kwenye vile vitu vidogovidogo, na ndo kazi inayofanywa na kompyuta ya nyumbani kutwa nzima.

Sasa kununua. Hapa ndo watu wanapoliwa hela zao.

SSD ziko za maumbo mawili makubwa. Kuna ya inchi 2.5, bapa, ina ukubwa uleule wa hadi diski ya laptopu na inaingia kwenye waya zilezile za SATA. Kuna ya M.2, kijibodi chembamba upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80, inachomekwa moja kwa moja kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Na hizi za M.2 nazo ziko mbili ndani yake, kuna zinazotumia SATA na kuna za NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, kwa macho zinafanana sana ila tundu lililotengenezwa kwa SATA peke yake halitaiona NVMe. Nilivyofika Kariakoo kijana wa dukani alinikomalia nichukue NVMe, eti kaka hii ndo fasta zaidi, inafika MB 3500 kwa sekunde. Anasema kweli, ila OptiPlex 7010 haina tundu la M.2, nilikuwa nimeshaifungua nyumbani nikaangalia na kupiga picha. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akanyamaza akanipa ya SATA inchi 2.5. Nilijisikia vizuri sana siku ile, sijifichi.

Kwa hiyo fungua kwanza mashine yako, au ingia kwenye tovuti ya waliotengeneza uangalie modeli yako inapokea nini, alafu ndo utoe hela. Kama ni desktopu au laptopu ya zamani zamani, ya kizazi cha nne kurudi nyuma, karibu mara zote jibu ni SATA ya inchi 2.5. Na laptopu nyingine nafasi yake ni nyembamba, inapokea ya unene wa milimita 7 tu, bahati nzuri SSD nyingi ni hizo za milimita 7, na kama nafasi ni ya 9.5 kuna zinazouzwa na kifremu cha kujazia.

Ukubwa gani? Kama unachapa, unatumia intaneti na kuweka hesabu, GB 240 au 256 zinatosha kabisa maana hadi diski ya zamani hatuitupi, nitaifikia. Kama unahariri video anzia 500. Na usishtuke ukiona Windows inakuonyesha GB 223 badala ya 240, hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu, kiwanda wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Ya 500 itakuonyesha 465.

Ila kuna wizi wa kweli. Ukiona SSD ya kuchomeka kwa nje ya TB 2, yaani GB elfu mbili, kwa bei ya ile ya GB 240, kimbia. Ndani wanaweka memori kadi ndogo na programu ya kudanganya kompyuta, unakopi picha zako zote inakubali, siku ya kuzifungua hakuna kitu. Ukishanunua yoyote na una wasiwasi, kabla hujaweka kitu chako tumia programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski yote alafu inasoma tena kuhakikisha. Chagua majina yanayojulikana, Samsung, Kingston, Crucial, Western Digital, uombe risiti na uulize garantii ni ya dukani au ya kampuni.

Kuna mwingine atakuambia SSD zinaisha kwa kuandikwa. Ni kweli chipu zina kikomo, na kampuni wanakiandika. Kingston A400 ya GB 240 wameandika TB 80, Samsung 870 EVO ya GB 500 wameandika TB 300. Chukua hiyo ndogo ya TB 80, tuseme kila siku ya Mungu unaandika GB 20, ambayo kwa kompyuta ya nyumbani ni nyingi, utafika TB 80 baada ya siku 4000, karibu miaka 11. Mwambie anayekutisha hiyo hesabu.

Tukija kwenye kufunga, hapa siandiki sana maana ni kazi ndogo, mdogo wangu alishika tochi mimi nikafanya. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kesi kabla hujagusa chochote ndani. Kwenye laptopu chomoa betri. Desktopu yangu ilikuwa na DVD ambayo siitumii tena, nikachukua waya zake mbili, wa data na wa umeme. Kitu kimoja tu cha kuangalia kwa karibu: matundu kwenye madabodi yana maandishi madogo pembeni, SATA0, SATA1, na kuendelea. Bodi nyingi za kizazi cha pili na cha tatu ni matundu mawili tu yenye kasi ya juu, mengine ni nusu yake, na DVD mara nyingi inawekwa kwenye yale ya taratibu. Mimi nikahamishia SSD kwenye SATA0. SSD haina uzito na haitetemeki, kwa hiyo kama huna bracketi yake hata gundi ya pande mbili inaishika vizuri tu.

Alafu, hili naomba ulisome mara mbili. Kabla ya kugusa chochote, bakapu. Kazi zako zote, picha za watoto, vyeti ulivyoskani, viweke kwenye kifaa kingine. Na kama kompyuta yako ina BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski, chukua zile namba 48 za kufungulia uziandike mahali, maana ukibadilisha vitu ndani inaweza kukudai hizo namba na bila hizo huingii.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukloni, unakopi kila kitu kutoka hadi diski kwenda SSD, unawasha unakuta kompyuta yako ileile. Clonezilla ni ya bure, ila kwa kawaida inataka SSD isiwe ndogo kuliko hadi diski, na kampuni kama Samsung na Crucial wana programu zao unazipakua kwa SSD zao. Ya pili ni kuweka Windows upya, na mimi ndo niliyoichagua na ndo ninayoipendekeza, kwa nini ubebe takataka za miaka yote uziingize kwenye nyumba mpya? Unatengeneza fleshi ya GB 8 kwa Media Creation Tool ya Microsoft wenyewe au kwa Rufus, unawasha na hiyo fleshi, unaweka. Watu wanaogopa kupoteza leseni, ila Windows 10 na 11 leseni ya kidijitali imefungwa zaidi kwenye madabodi, siyo kwenye diski, ikiingia mtandaoni inajitambua yenyewe.

Na wakati wa kuweka Windows, chomoa hadi diski ya zamani kabisa. Usiiache imechomekwa. Ukiiacha, Windows inaweza kuweka kile kipande chake cha kuwakia kwenye diski ya zamani na Windows yenyewe kwenye SSD, unafurahi, siku ukiitoa ile ya zamani kompyuta haiwaki. Nimeona mashine ya jirani iliyofungwa SSD na fundi, ikawa na tatizo hilohilo, akaambiwa SSD ni mbovu akanunua nyingine. Watu wanalipa mara mbili kwa sababu mtu hakuchomoa waya mmoja. Pia ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, uangalie kama SATA imewekwa AHCI, kama iko kwenye IDE, ile namna ya zamani, ibadilishe kabla hujaweka Windows, siyo baada.

Ikishawaka, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya admin uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikikujibu 0 maana yake TRIM inafanya kazi, hiyo ndo inayoiambia SSD data gani imefutwa ili isafishe nafasi. Usipige difragi, ile ya kupanga upya vipande vya faili. Windows yenyewe inaitambua SSD na ina namna yake ya kuitunza, iache. Na usiijaze mpaka pomoni, acha nafasi kidogo.

Mimi siku ile nilipowasha, mke wangu alikuwa jikoni, nikamwita aje aone, alipofika mlangoni ilikuwa imeshawaka. Akasema washa tena. Nikaizima nikawasha tena yeye akiwa amesimama. CorelDRAW iliyokuwa inanidhalilisha ikafunguka. Faili la kadi lililoganda mbele ya wageni nikalifungua makusudi kabisa, likafunguka, nikabadilisha jina, nikasevu, kwa prosesa ileile iliyoambiwa imechoka. Na sikununua kitu kingine zaidi ya SSD. Tangu hapo mteja akija anakaa kwenye kochi tunarekebisha anaona anaondoka na kazi yake, na kazi za jioni za watu wanaosema naomba leo leo sizikatai tena.

Kwa hiyo kijana unayesoma hapa, mama unayeuza stesheneri, mwalimu, mtu wa kanisani unayetengeneza ratiba za ibada, acha kuona aibu na mashine yako ya zamani. Aibu wanakupa watu wanaotaka kukuuzia nyingine. Tuna tabia moja mbaya, kitu kikisumbua tunakimbilia kununua kingine kabla ya kuuliza ni sehemu gani hasa inayosumbua, na wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri sana. Na mafundi, naomba niwaambie kwa upendo, mteja akija na kompyuta inayoenda taratibu fungueni CrystalDiskInfo mbele yake, ni programu ya bure ya kupima afya ya diski, ikiandika Good kwa bluu mwambieni diski ni nzima ila ni ya aina ya taratibu, ikiandika Caution kwa njano mwambieni aokoe data zake leo hiihii. Mkimwambia ukweli atarudi na atawaleta ndugu zake. Mkimwambia prosesa imechoka atarudi mara moja tu, kuja kudai.

Lakini na mimi niwe mkweli, SSD haifanyi kila kitu. Intaneti yako haitaongezeka kasi. Gemu haitapata picha nzuri zaidi, itafunguka mapema tu. Kama RAM ni GB 2, anza na RAM. Laptopu nyingine ndogondogo za bei rahisi zina hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, hakuna cha kutoa, uliza kwanza. Na hizi za kizazi cha tatu kama yangu hata ukiweka SSD nzuri kiasi gani Windows 11 rasmi hazipokei, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel kuanzia kizazi cha nane, wakati Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna huduma ya nyongeza ya apdeti za usalama kwa watu wa nyumbani mpaka Oktoba 2026, jiungeni. Baada ya hapo kwa anayechapa na kutumia mtandao Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, inatosha na ni bure, na kwenye SSD inaruka. Mimi nimeshaanza kujifunza Inkscape, programu ya bure ya kuchorea kama CorelDRAW, humohumo ili siku hiyo isinikute nimelala.

Na ile hadi diski ya zamani. Usimwachie fundi. Hata akisema nitakupunguzia bei ukiniachia, usimwachie, mle ndani mna maisha yako yote. Kwenye desktopu irudishe ndani kama diski ya pili, nenda kwenye BIOS weka SSD iwe ya kwanza kuwaka, alafu ile ya zamani iwe stoo ya faili. Kwenye laptopu nunua kesi ya USB, utaitumia kwa nje. Na iwe ndo bakapu yako, maana SSD ina tabia moja ambayo hawaisemi dukani: hadi diski ikitaka kufa mara nyingi inapiga kelele, inakwama, inakupa muda, SSD inaweza kuwa nzima jioni na asubuhi haionekani kabisa, na kwa sababu ya ile TRIM ukifuta kitu kwa bahati mbaya usitegemee kukirudisha. Mimi kila Ijumaa jioni nakopi kazi za wiki kwenye ile ya GB 500, na za wateja wakubwa naziweka na Google Drive.

Ukiamua kuiuza hiyo ya zamani, ipige fomati ukiwa umetoa tiki pale kwenye Quick Format. Itachukua muda mrefu, iache usiku ifanye, maana fomati ya haraka inafuta orodha ya majina tu na mtu mwenye programu ya bure anazirudisha picha zako zote, wakati hiyo ndefu, kuanzia Windows Vista kuja huku, inaandika sifuri kwenye diski nzima.